Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Asihame

Kila likizo inapokaribia, iwe ya Aprili, ya Agosti au ya Desemba, Wakenya wenye uwezo huanza kuulizana waende wapi. Zamani jibu lilikuwa moja kati ya mawili: ama mashambani kwa wazee, ama Mombasa kwenye hoteli za ufuoni. Siku hizi limezuka jibu la tatu. Watu wanatafuta mji mdogo wa kale wenye nyumba za mawe na vichochoro vyembamba, mahali ambapo punda angali mchukuzi na jahazi lingali chombo, wakalale siku tatu au nne katika nyumba ya wageni iliyo na historia. Katika nchi yetu, mji unaotajwa kwanza katika mazungumzo hayo ni Lamu.

Sina ugomvi na mapumziko. Mwalimu aliyesahihisha insha mia mbili katika muhula mmoja anastahili kukaa barazani na kikombe cha kahawa chungu bila ya kuulizwa kitu. Wala sina ugomvi na Lamu kupokea wageni, kwa maana mji huo umeishi kwa kupokea wageni kwa zaidi ya miaka mia saba. Swali langu ni jingine. Baada ya mgeni kupokewa, kulala na kuondoka, ni nani anayebaki katika nyumba ile? Na ikiwa jibu ni kwamba habaki mtu ila mtunza ufunguo, je, mji bado upo?

Nitalianza jambo hili kwa upande wa taaluma yangu, yaani isimu, kwa sababu maneno mara nyingi hutoboa siri ambayo matangazo ya biashara huificha. Nimekuwa na desturi ya kuwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya neno ‘kiwanda’. Wote hujibu mara moja: mahali pa kutengenezea bidhaa, kama vile kiwanda cha sukari. Nikiwaambia kwamba katika nyumba ya mawe ya Lamu kiwanda ni ua wa ndani ulio wazi kwa juu, unaoingiza mwanga na hewa, hucheka wakidhani ni mzaha. Nikiwauliza ‘ndani’ ni nini, husema ni kielezi cha mahali, na katika sarufi wana haki. Katika nyumba ya Kiamu, hata hivyo, ndani ni jina la chumba mahususi, chumba cha jamaa, ambacho hafiki kila ajaye.

Nyumba hiyo imepangwa kama sentensi nzuri. Kila sehemu ina nafasi yake na mpangilio una maana. Nje kuna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe vilivyojengewa ukutani, ambapo mwanamume wa nyumba alizungumza na wapita njia. Kisha huja tekani, halafu kiwanda, halafu msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana. Nyuma yake ndipo penye ndani, na nyuma zaidi nyumba kati, chumba cha faragha kuliko vyote, ambamo, kama walivyoeleza watafiti wa utamaduni wa pwani, mama alijifungulia na maiti wa nyumba akaoshwa. Katika kuta za vyumba hivyo kuna zidaka, yaani vidaka, safu za vishubaka vya chokaa ambamo vyombo vya kauri vilipangwa. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyozidi kuwa mtu wa nyumba.

Mgeni naye hakusahauliwa. Nyumba nyingi za wenye uwezo zilikuwa na chumba kiitwacho sabule, ambacho mgeni aliweza kukifikia bila ya kupita katikati ya vyumba vya jamaa. Na mgeni wa zama hizo hakuwa wa siku tatu. Aliletwa na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi, akangoja kusi imrudishe kwao. Miezi hiyo aliuza na kununua, akaswali msikitini pamoja na wenyeji, akajifunza lugha yao, na wengine wakaoa. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakuwa wakimfukuza. Walikuwa wakieleza kanuni ya kumfanya mgeni kuwa sehemu ya mahali. Sabule ilikuwa tafsiri ya kanuni hiyo kwa mawe na chokaa: karibu, kaa, lakini nyumba ina wenyewe.

Hali ya leo ni kinyume cha mpangilio huo. Katika nyumba nyingi za kale za mtaa wa Mkomani, na zaidi katika kijiji cha jirani cha Shela, mgeni hakai tena sabule. Amepewa nyumba nzima. Kitanda chake kimewekwa ndani. Meza yake ya chakula iko kiwandani. Zidaka zimewekewa taa za kupigia picha. Mwenyeji, ambaye zamani alikaa katika kina cha nyumba, sasa ama ni mpishi, ama ni bawabu, ama amehamia pembezoni mwa mji na kuja asubuhi kwa kibarua. Mgeni yuko ndani na mwenyeji yuko nje. Wizara ikizungumzia ‘utalii wa ndani’, mimi mwanaisimu hushindwa kujizuia kuuliza: ndani ya nini?

Tusimlaumu mtu kabla ya kufahamu jambo hili lilitokeaje. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani waliochoshwa na miji yao walianza kumiminika Lamu wakitafuta utulivu wa bei rahisi. Katika muongo huohuo wataalamu wa usanifu majengo, akiwamo Usam Ghaidan, waliuchunguza mji na kuuandikia vitabu. Mwaka 1986 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalichapisha mpango wa kuuhifadhi. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji wa kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kila hatua ilikuwa ya kheri kwa mawe, na kila hatua iliongeza thamani ya nyumba machoni mwa mnunuzi wa mbali.

Upande wa muuzaji nao una sababu zake. Nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko ni ghali kuitunza. Boriti huoza, chokaa hubanduka, mvua hupenya. Nyumba hiyo hurithiwa na watoto, kisha na wajukuu, hadi ikawa na warithi ishirini, mmoja Mombasa, mwingine Nairobi, mwingine Uarabuni. Hakuna mmoja mwenye fedha za kuitengeneza peke yake, na hakuna anayetaka kutumia fedha zake kwa mali ya wote. Akija mnunuzi mwenye fedha taslimu, kuuza ndiyo njia nyepesi ya kila mmoja kupata haki yake bila ya kugombana. Anayewashutumu watu hao kuwa wameuza urithi wao angefaa kwanza aulize urithi huo uliwagharimu kiasi gani kila msimu wa masika.

Hapana budi pia kuitaja hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili. Lau kama wageni wasingalikuja, nyumba nyingi zinazosifiwa leo zingalikuwa vifusi. Fedha za wageni zimewapa kazi mafundi wa chokaa na wachongaji wa milango, zimewaweka manahodha baharini, zimelipa karo za watoto. Msomaji anayetilia shaka hatari ya vifusi na aikumbuke Pate, ambayo majumba yake yaliyoachwa ndiyo yaliyomfanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi zaidi ya karne mbili zilizopita, au karibu na muda huo. Mji unaweza kufa kwa kukosa fedha. Hilo ni kweli, na mtetezi yeyote wa Lamu asiyelikubali hafai kusikilizwa.

Lakini mji unaweza kufa kwa njia nyingine, nayo ni ya polepole na yenye rangi mpya ukutani. Tunayo mifano miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali.

Wa karibu ni Gedi, kaunti ya Kilifi. Mwezi Julai 2024 magofu ya mji huo nayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tuliona fahari. Gedi ina msikiti, makaburi, visima na kuta za jumba la kifalme. Haina mtu. Wakazi wake waliuacha karne kadhaa zilizopita, na hatujui kwa hakika hata walikiitaje kila chumba walimolala. Lamu iliingizwa katika orodha hiyo kwa sababu iliyo kinyume: ni mji wa Waswahili ambao bado unaishi, wenye madrasa, Maulidi, masoko na watoto. Tukiwaondoa watu na kubakiza nyumba, tutakuwa tumejijengea Gedi yenye vitanda.

Wa mbali ni Venice, nchini Italia. Mwaka 1951 kitovu cha kale cha mji huo kilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi yao ilishuka chini ya 50,000. Si wageni peke yao waliosababisha hali hiyo, maana kazi zilihamia bara na maji ya mafuriko hayana rafiki. Hata hivyo, kila nyumba iliyogeuzwa kuwa ya kukodishwa kwa usiku ilikuwa nyumba moja pungufu kwa mwalimu, muuguzi na muuza samaki. Kuanzia Aprili 2024 serikali ya mji ilianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 katika siku za msongamano. Mji uliofika mahali pa kulipisha kiingilio, hata kwa nia njema, umekwisha kubali kufanana na makumbusho.

Zaidi ya hayo, mji unaotegemea wageni pekee husimama kwa mguu mmoja. Lamu inalijua hilo kuliko mji wowote wa Kenya. Mwaka 2011 raia wa kigeni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na watalii wengi wakaacha kuja. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, makumi ya watu wakauawa, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa katika kaunti. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege vya dunia. Katika kila msiba wa aina hiyo mwenye nyumba aliye ng’ambo hufunga mlango akangoja. Mwenyeji hana mahali pa kungojea isipokuwa papo hapo.

Tena, ni huyo mwenyeji anayeulinda mji unapotishwa. Ulipokuja mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe katika kaunti hiyo, wavuvi, akina mama na wanaharakati wa Lamu ndio waliosimama mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na mwezi Juni 2019 mahakama hiyo ikaifuta leseni ya mradi kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria ilidai ushiriki wa umma. Nauliza: mji ukibaki na wageni wa siku tatu, umma huo utatoka wapi?

Nirudi katika lugha, maana hapo ndipo penye hasara isiyoonekana katika picha. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Uamuzi huo ulitupa lugha moja ya shule na magazeti, na simlilii aliyeshindwa. Lakini Kiamu, kinachosema tini mahali pa chini, yuu mahali pa juu, mato mahali pa macho na ndia mahali pa njia, ni mojawapo ya lahaja zilizobeba ushairi wa Kiswahili kwa karne nyingi kabla ya kamati yoyote kuundwa. Anayetaka kumsoma Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi katikati ya karne ya 19, hawezi kuziepuka lahaja za kaskazini.

Lahaja haihifadhiwi katika kamusi peke yake. Neno huishi pale linapohitajika. ‘Msana wa yuu’ huishi nyanya anapomwambia mjukuu akamletee mkeka kutoka huko. Nyumba ikigeuzwa kuwa ya kukodishwa, chumba hicho hupata jina jipya la kupokelea wageni, kwa lugha ya wageni, na nyanya aliyehamia nyumba ya matofali ya saruji pembezoni mwa mji hana msana wa kuutaja. Mtafiti akija na kinasa sauti chake miaka thelathini baadaye ataokota maneno kama anayeokota makombe ufuoni, mazuri lakini hayana kiumbe ndani yake.

Basi tufanye nini? Kufunga mlango si jibu, wala kuwaombea wageni wapungue. Jibu, kwa maoni yangu, liko katika ile sabule. Tuutafute utaratibu ambao mgeni anapata mahali pake pazuri na mwenyeji anabaki na nyumba yake.

Italia hiyohiyo iliyotupa onyo la Venice inatupa pia mfano wa kuigwa. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976 katika jimbo la Friuli, vijiji vya milimani vilijengwa upya lakini nyumba nyingi zikabaki tupu. Kukazuka wazo, lililoendelezwa na Giancarlo Dall’Ara, la ‘albergo diffuso’, yaani hoteli iliyotawanyika: mapokezi katika nyumba moja, vyumba katika nyumba kadhaa za kijiji kilekile, na mgeni akawa jirani wa muda katika kijiji chenye watu. Mwaka 1998 kisiwa cha Sardinia kiliutambua utaratibu huo kisheria. Kiini chake ni kwamba pasipo na wakazi, hoteli ya namna hiyo haina maana. Mkomani ingeweza kupanga jambo kama hilo kwa urahisi, maana nyumba zake zimekwisha jengwa kwa kumfikiria mgeni.

Pili, tutofautishe kukodisha na kuuza. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba tu, usiozidi miaka 99. Huo ni ulinzi, lakini miaka 99 ni umri wa vizazi vinne. Mjukuu atakayerudishiwa nyumba hatajua mlango uko upande gani. Mkataba wa miaka kumi au kumi na mitano, ambao mpangaji anaitengeneza nyumba kisha anairudisha nzima, ungewapa warithi ukarabati bila ya kuwapokonya mji. Na kwa kuwa wakfu ni jambo linalofahamika pwani tangu kale, wanasheria na mashekhe wakae pamoja waangalie namna jamaa wanavyoweza kuiwekea nyumba kinga isiuzwe kipande kwa kipande.

Tatu, kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa serikali za kaunti majukumu ya utamaduni na ya utalii wa mahali. Serikali ya Kaunti ya Lamu ingeanza na kazi isiyohitaji mfadhili: kuhesabu, mtaa kwa mtaa, nyumba zinazokaliwa na jamaa na zile zinazokodishwa kwa usiku, na kuitangaza hesabu hiyo kila mwaka. Ikishajulikana, wakazi wataweza kuamua mpaka uwe wapi. Hakuna anayeweza kutetea kitu kisichohesabiwa.

Waalimu wenzangu na wanafunzi, nanyi mna sehemu yenu. Shule nyingi hupeleka watoto Lamu, wakaiona ngome iliyokamilika mwanzoni mwa karne ya 19, wakaingia makavazini, wakapiga picha na punda, wakarudi. Lahaja nazo tunazifundisha kama orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Safari moja ingeweza kuziunganisha kazi hizo mbili. Kila mwanafunzi apewe daftari na sehemu moja ya nyumba, amtafute mzee au fundi, amwamkie kwa adabu, na arudi na jina la sehemu ile, matumizi yake, na jina la mtu aliyemweleza. Watoto arobaini wakirudi na maneno arobaini, shule itakuwa na kamusi ndogo, na wazee wa Lamu watakuwa wamejua kwamba kuna mtu barani anayeyahitaji maneno yao.

Na wewe unayekwenda kupumzika tu, bila ya daftari, uliza jambo moja kabla ya kulipia chumba: nyumba hii ni ya nani, na wenyewe wanakaa wapi? Ukiweza kuchagua, chagua nyumba ambayo jamaa bado wamo. Kaa wiki badala ya siku mbili. Nunua samaki sokoni anaponunua jirani yako, na msalimie aliyeketi dakani kabla ya kumpiga picha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sehemu ya kwanza ya methali hiyo tumeitangaza katika viwanja vyote vya ndege. Ya pili ndiyo kazi iliyobaki.